Gia ya Tatu ya Marehemu Mzee Saidi

Ukimtafuta Awadhi pale Tabora, usihangaike na jina lake la kitambulisho. Ulizia fundi kanzu mwenye Landrova juu ya mawe, utapelekwa mpaka mlangoni, na anayekupeleka atakuwa anacheka. Kwa miaka kumi na tisa gari lile lilikaa uani kwake bila magurudumu, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, na kila mpita njia mwenye ulimi mrefu alikuwa na neno la kutupa.

"Fundi, hilo linaondoka saa ngapi?"

Naye, mguu ukiwa kwenye cherehani, alijibu bila kuinua kichwa: "Likijaa."

Alicheka nao, lakini moyoni hakucheka. Gari lilikuwa la baba yake, marehemu Mzee Saidi, aliyeliendesha karibu maisha yake yote kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kwenda Igalula, Goweko, mpaka Tura, akipakia asali, nta, karanga, maharusi na wagonjwa. Njia hiyo wazee wa wazee wake waliipita kwa miguu na mizigo kichwani. Mzee Saidi aliipita amekaa, tena anakula karanga, na alikuwa akisema kama hayo si maendeleo basi yeye hajui maendeleo ni nini.

Na gari lile lilikuwa na sauti yake. Zamani gia ya tatu ilivunjika meno, kipuri hakikupatikana, Mzee Saidi akamwendea mhunzi mmoja akaichonga upya kwa mkono. Tangu hapo, kila gari lilipoingia gia ya tatu lilitoa mlio mwembamba wa kupanda na kushuka, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Watu wa njia nzima waliujua. Mzee akiwa bado mbali, wanawake walishabandika chungu.

Aliyeujua kuliko wote alikuwa Bi Mwanamkuu, dada yake Mzee Saidi, aliyeolewa Tura na kuzeekea huko. Kila Idi kaka yake alimpandisha kiti cha mbele, akamzungusha Tura nzima kama malkia, ndipo wakala. Sasa bibi huyo amepita miaka themanini na macho yake yameingia ukungu. Jua analiona, mtu haoni. Siku Awadhi alipoamua kulifufua gari, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye.

"Shangazi, nitakuja na gari la kaka yako. Nitakupandisha mbele, nikuzungushe Tura kama yeye."

"Njoo, mwanangu," bibi akasema. "Wala usinipigie simu kwamba umekaribia. Mimi nitalisikia."

Ahadi hiyo ndiyo iliyomtoa Awadhi kwenye cherehani. Alikuwa na miaka hamsini na saba, hajawahi kufungua injini, na mikono yake ilizoea hariri na uzi. Lakini mjini kulikuwa na kikundi cha watu wenye ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kupenda magari ya zamani ya porini. Walijiita Chuma Hakifi. Walikuwa watatu tu wakati huo. Alikuwapo Dionis, mkulima wa Puge, mtu mrefu, Mkatoliki mwenye sauti ya kwaya, mwenye Landrova la umri uleule na la Mzee Saidi. Alikuwapo Masolwa, fundi wa kuchomelea, ambaye maneno yake kwa siku unaweza kuyafunga kwenye leso. Na alikuwapo Rashidi, dereva mstaafu, kaka yake Anifa. Anifa ndiye mke wa Awadhi, kwa hiyo Rashidi ni shemeji wa ndani kabisa, mtu anayeingia mpaka jikoni bila kubisha hodi.

Utaratibu wao ulikuwa mzuri, tuuseme wazi. Hapakuwa na kulipana. Kila Jumamosi walikusanyika uani kwa mmoja wao, wakashughulikia gari lake, na kila mtu alitoa alichonacho mkononi. Masolwa alitoa moto wake, Rashidi alitoa uzoefu wa njia, Dionis alitoa ujuzi wa injini, maana huyo alijifundisha mwenyewe na alikuwa na akili ya vyuma kweli. Awadhi alitoa sindano. Aliwashonea wote maturubai ya magari yao, akawashonea na viti, mshono mara mbili, pembe zimekazwa kwa ngozi. Viti vya Dionis alivimaliza kwanza.

"Mwanangwa!" Dionis alimsifu siku ile, akimpa cheo cha wakuu wa vijiji wa zamani, amekaa kwenye kiti kipya akikinesanesa. "Hata mkuu wa mkoa hakalii kitu kama hiki. Wewe sasa ni mwenzetu. Gari lako tutalisimamisha, hata kama ni kwa meno."

Awadhi alilala na maneno hayo kama mtoto na nguo ya sikukuu. Mwenzetu! Miaka yote alikuwa mtu wa kuchekwa, leo ana wenzake.

Sasa sikia kosa lake, kwa kuwa hata mtu mwema huwa na kosa. Awadhi ni fundi cherehani wa zamani, na hakuna kitu anachokichukia kama mteja anayemsimamia kichwani. Mteja wa namna hiyo kwake ni sawa na mtu aliyekuita mwizi. Yeye hukata kitambaa mwenye nacho akiwa kwake, na kilichobaki, hata kipande cha kutosha kitambaa cha mkono tu, hukikunja na kukirudisha pamoja na nguo. Miaka thelathini amefanya hivyo. Basi wenzake walipoingia chini ya gari lake, yeye alitoka. Alikaa barazani akishona, akawapelekea kahawa na kashata, akarudi zake barazani. Aliona kuwasimamia ni kuwatukana. Anifa alimwambia, "Baba Najiat, angalau kaa uone wanachofanya, ujue gari lako." Akajibu, "Fundi hasimamiwi, mke wangu." Anifa akarudi jikoni kuwapikia wali wa Jumamosi.

Ikaja Jumamosi moja kulikuwa na maziko mtaani, kafariki mzee wa msikitini ambaye sanda yake Awadhi aliikata mwenyewe usiku uliotangulia. Siku hiyohiyo giaboksi ilikuwa imeteremshwa, imefunguliwa juu ya gunia, vyuma vyake vinang'aa kwa mafuta, na Landrova la Dionis limeegeshwa kando. Awadhi aliiangalia kwa woga kidogo, kama mtu anayeonyeshwa moyo wa baba yake. Gia ya tatu ilikuwa mle, meno yake manene kuliko ya wenzake.

"Ni nzima hii?" akauliza.

"Nzima kuliko mimi," Dionis akasema. "Mzee wako aliitunza. Hii inaweza kwenda miaka ishirini mingine."

Awadhi akavaa kofia, akaenda kuzika. Rashidi naye ilimpasa kwenda, lakini alisema, "Tangulia shemeji, nafuata," na hakufuata. Awadhi aliporudi alasiri, giaboksi ilikuwa imekwishapandishwa na kukazwa, na watu watatu wanakunywa maji kimya kimya.

Wiki mbili baadaye gari likawaka. Anifa alipiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna posa. Awadhi alilizungusha mpaka barabara ya lami na kurudi, machozi yanamtoka bila haya. Jambo moja tu lilimtatiza. Alipoingiza gia ya tatu, gari halikuimba.

"Limenyamaza," akamwambia Dionis.

"Tumelisafisha, ndugu yangu. Ule mlio ulikuwa uchafu na uchakavu. Unataka gari liugue ndiyo ufurahi?"

Awadhi akacheka, akaona haya kwa ujinga wake. Tena tangu siku ya maziko Dionis aliacha kuja na gari lake Jumamosi. Alikuja kwa basi, akisema gari linabaki shambani mpaka mavuno yaishe. Mwingine angejiuliza. Lakini ukishampa mtu imani, macho nayo huenda likizo.

Safari ya Tura ilipangwa mwezi wa nane, njia ikiwa kavu na mchanga umelala. Walitoka asubuhi na magari matatu. Dionis alitangulia mbali, Masolwa katikati, Awadhi nyuma akila vumbi la wote wawili na kulifurahia, Rashidi amekaa kando yake. Awadhi alivaa kanzu nyeupe. Rashidi alimcheka, nani anavaa kanzu kwenda porini? Akamjibu kwamba haendi porini, anampelekea shangazi gari la kaka yake, na mbele ya shangazi mtu havai kaptura.

Igalula walikunywa chai karibu na stesheni. Awadhi alilipigapiga boneti kama mtu anavyompongeza ng'ombe wake.

Kabla ya kufika Goweko, likaanza kuguna. Kwanza kwa chini, halafu kwa nguvu, kama mtu anasaga mawe kwenye sufuria. Awadhi akabadilisha gia, ikakataa. Akajaribu ya pili, ikaingia na kuchomoka. Kisha kukatokea mshindo chini ya miguu yao, na gari likasimama na injini inanguruma bure, kama mtu anayepiga kelele kwenye ndoto.

Dionis na Masolwa walirudi nyuma. Dionis akaingia chini ya gari, hakukaa hata dakika mbili, akatoka anapangusa mikono.

"Imekwisha," akasema. "Chuma huchoka, ndugu yangu. Gari la zamani ni mzee, huwezi kujua siku yake."

"Si ulisema miaka ishirini?"

"Nilisema inaweza."

Awadhi aliegemea mlango. Hakumlaumu mtu. Alichoumia ni bibi kizee aliyekaa Tura ametega sikio, maana alikuwa anajua kwamba asubuhi ile hata redio amezima.

"Nendeni mbele," akamwambia Dionis. "Mkamsalimie shangazi, mwambieni nakuja. Asikae na njaa kwa ajili yangu."

Rashidi alihamia gari la Dionis haraka, haraka kuliko anavyostahili shemeji, wakaondoka. Masolwa alilivuta gari bovu kwa kamba mpaka Goweko, wakaliacha kwenye ua wa mtu anayemfahamu, kisha Awadhi akapanda naye kuelekea Tura. Njiani Masolwa mara tatu alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, na mara tatu akaitoa hivyohivyo.

Walifika adhuhuri imepita. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa mlangoni kwake juu ya mkeka, amejitanda kanga mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani, hina mikononi. Gari la Dionis lilikuwa limesimama upande wa pili wa barabara, yeye na Rashidi wako kwenye kivuli chake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu Awadhi. Umekawia wapi? Gari umelifikisha, halafu mwenyewe umepotelea wapi?"

"Gari sikulifikisha, shangazi. Limekufa njiani, karibu na Goweko. Nisamehe."

Bibi akacheka, meno mawili yakaonekana. "Unamtania bibi wa watu! Gari nimelisikia. Limetokea kule kwenye miembe linaimba, nikasema, huyo kaka. Limepita hapa mbele, likaimba tena, likasimama pale. Nikanyanyuka peke yangu bila fimbo. Halafu wakaja watu wawili, wakanisalimia, wakasema Awadhi anakuja. Nikawauliza, kama gari lake limefika, yeye anakuja na nini?"

"Wakakujibu nini?"

"Hawakunijibu."

Awadhi alibaki amemshika mkono. Alifikiri labda ni uzee, labda ni hamu imemsikilizisha kisichokuwepo. Akageuka kumtazama Masolwa aliyekuwa nyuma yake, ili wacheke pamoja kidogo. Masolwa alikuwa anaangalia viatu vyake.

Awadhi akavuka barabara.

"Dionis, washa gari."

"Tupumzike kwanza, ndugu yangu."

"Washa. Endesha mpaka pale kwenye miembe, uingize gia ya tatu."

Dionis hakuwasha. Alimtazama Rashidi, Rashidi akaangalia reli. Ni Masolwa, yule wa maneno ya kufungwa kwenye leso, aliyesema, "Mwambieni. Mkishindwa nitasema mimi." Hakusubiri. "Giaboksi ya mzee wako imo humo. Tuliibadilisha siku ya maziko. Ile uliyokuja nayo ilikuwa ya Dionis, iliyokwisha."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Awadhi, ambaye nguo ndiyo kazi yake, hakuwahi kutazama kwenye pindo. Cha ajabu hakuwa na hasira bado. Alitaka kwanza kuelewa, kama mtu aliyejikata na mkasi anavyotazama kidole kabla damu haijatoka.

"Kwa nini?"

Dionis alianza kwa sauti yake ile ya kwaya. "Ndugu yangu, nisikilize. Gari langu linafanya kazi. Linatoa mpunga shambani, linapeleka wagonjwa zahanati. Giaboksi yangu ilikuwa inakufa na mavuno yamekaribia. Yako imelala. Tukakaa watatu, tukashauriana. Tukaona gari lako ni la kwenda msikitini na kurudi, giaboksi yangu ingekutosha. Baada ya mavuno ningekurudishia kimya kimya."

"Nilisema Tura. Jumamosi ya kwanza kabisa nilisema ni la Tura."

"Ulisema."

"Sasa?"

Akajibu Rashidi, na afadhali angenyamaza. "Shemeji, nani alijua litawaka kweli? Miaka kumi na tisa! Tulidhani ni maneno tu. Sisi tulikuwa tunakufariji."

Hapo ndipo damu ilipotoka. Mwaka mzima na miezi miwili, Jumamosi baada ya Jumamosi, kahawa, kashata, wali wa Anifa, na hawa watu hawakuwa wanatengeneza gari. Walikuwa wanamliwaza mgonjwa. Mitaani walimcheka mbele yake. Hawa walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wakamwita mwenzetu. Na huyu mmoja amekula jikoni kwake tangu harusi.

"Rashidi," akasema polepole, "mimi siku ile nilikuwa makaburini. Ulisema unafuata."

Rashidi akaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali yake.

"Ungeniomba," Awadhi akamgeukia Dionis. "Wallahi ungeniomba, ningekupa. Ningekupa nikakae nisubiri mavuno yako. Kwa nini hukuniomba?"

Dionis akageuzageuza funguo za gari mkononi. Nadhani ndilo swali pekee ambalo hakuwa amelijadili na wenzake.

Sauti ya Bi Mwanamkuu ikavuka barabara. "Awadhi! Mnateta nini huko? Leteni gari, jua linakwenda!"

Walitazamana wote wanne. Bibi alikuwa amekwishasimama, amekamata nguzo ya mlango, kanga ameikaza. Awadhi angeweza kumwambia ukweli. Angemwambia gari hili si la kaka yako, ni la mtu aliyeniibia, na bibi angerudi kuketi kwenye mkeka na hina yake mikononi. Idi ngapi zimembakia? Alikaa akilipima hilo, na kila alivyolipima lilikuwa chungu.

"Shangazi atapanda hili," akamwambia Dionis. "Wewe utaendesha, mimi siwezi kulishika. Utampitisha Tura yote, gia ya tatu, polepole. Na kuanzia leo, Jumamosi zenu mzipeleke kwingine. Ua wangu msiukanyage."

"Ndugu yangu..."

"Wala usiniite hivyo."

Alimvusha shangazi kwa mkono, akampandisha kiti cha mbele. Bibi alikipapasa kiti kwa viganja, pindo kwa pindo.

"Umebadilisha viti."

"Nimevishona mwenyewe," Awadhi akasema, na hilo lilikuwa kweli.

Yeye akapanda nyuma kwenye ubao, pamoja na Rashidi, magoti yao yakikaribia kugusana. Dionis akaondoa gari. Lilipopita dukani likaingia gia ya tatu, na ule mlio ukaanza, mwembamba, unapanda, unashuka, uleule wa utotoni. Watu wazima walitoka majumbani. Mzee mmoja alivua kofia. Mbele kule Bi Mwanamkuu alikuwa anapunga mkono kwa watu asiowaona, anawataja kwa majina, wengine walikwishakufa zamani.

Wakazunguka mpaka stesheni na kurudi. Waliposimama mlangoni bibi hakutaka kushuka mara moja. Alimtafuta Dionis kwa mkono, akampata bega.

"Wewe ndiye fundi wake? Awadhi amenisimulia sana habari zako kwenye simu. Ananiambia, shangazi, nimepata ndugu."

"Ndiyo, mama," Dionis akasema, na sauti yake ya kwaya haikutoka vizuri.

"Basi ngojeni niwaombee."

Akafungua viganja vyake vyenye hina juu ya magoti. Akamwomba Mungu amzidishie Dionis afya na mazao, ailinde mikono yake, na amjalie watoto wake wapate rafiki kama yeye alivyo kwa Awadhi. Dionis aliinamia usukani. Rashidi akasema amina kwa kunong'ona. Bibi akangoja, kichwa ameinamisha upande, maana bado sauti moja hakuisikia, na dua ya shangazi haiachwi hewani.

"Amina," Awadhi akasema.